Kwa Sista Esnah, Mcheza Drafti wa Ikonge

Mama, leo mwaka umetimia tangu tukuzike, na bado tumechoka. Tumechoka hata kuambiwa kwamba tutazoea.

Miaka thelathini na mitatu ulizalisha akina mama wa Nyamira. Ulipostaafu uliendelea kuamka saa kumi na moja alfajiri, unaoga, unavaa, kisha unakaa sebuleni na mkoba mapajani. "Nimevaa niende wapi?" ulimuuliza Baba. Kuchuma chai kulikuumiza mgongo. Kufuma sweta uliachia kwenye mkono wa kwanza.

Siku moja ulipeleka kiatu kwa Jasper, fundi wa viatu pale sokoni Ikonge, ukakuta wanaume wanacheza drafti kwa vifuniko vya soda. Ukamwambia mmoja, "Ukisogeza hiyo unaliwa mbili."

Jasper akacheka. "Basi kaa ucheze wewe, Sista."

Ukakaa. Ukamla Jasper mwenyewe mpaka akaishiwa kete.

Ukawa unaenda kila Jumanne na Alhamisi, na jioni unamsimulia Baba mchezo mzima. Lakini yeye, mwalimu mkuu mstaafu na mzee wa kanisa, aliona aibu. "Mama Lorna, mke wangu hawezi kushinda sokoni na wanaume." Hukubishana naye. Uliacha tu. Wiki tatu ukawa unalala mchana, sahani yako inarudi jikoni na chakula.

Baba akashindwa kuvumilia. Akaenda Ikonge mwenyewe, akamwambia Jasper, "Mwambieni arudi."

"Mzee, sisi hatukumfukuza," Jasper alimjibu. "Mwambie wewe."

Akakuambia, macho chini. Wewe ukauliza tu viatu vyako viko wapi.

Ulipata miaka minne ya raha, Mama, mpaka moyo ulipogoma.

Siku hizi ni Baba anayeenda Jumanne. Alikuwa akishindwa kila mara. Juzi alishinda mchezo wake wa kwanza. Alipanda kilima mbio kama kijana, akaanza kuita tangu langoni, "Mama Lorna! Mama Lorna!" Halafu akakumbuka. Akaketi kwenye ngazi, kofia mkononi. Tukaketi naye.

Tunaokukumbuka ni mumeo Nyamweya, sisi wanao Lorna na Mose, mjukuu wako Ian, na wenzako wa drafti pale Ikonge.

Umetutoka machoni, Mama. Moyoni hutoki kamwe.