Kikohozi ya Anastazia na Jiko ya Muzungu

Musonoi, Kolwezi

Yaya Marta,

Anastazia bamemutaka ndoa. Mutoto yangu, yule uliyemubeba mugongoni kule Kongolo akikojolea nguo yako, ametakwa na karani wa treni pale Lubudi, kijana wa kuvaa kravati shingoni hata siku za kazi.

Sasa nikusalimu. Uko muzima? Muguu yako imepunguka kuvimba? Mama yetu analala, anakula? Sisi huku tuko na uzima, paka macho tu njo inatuuma, na kwa hiyo macho nakuandikia. Wewe ni mukubwa yangu, kwa wengine naona haya.

Katika barua ya mbele ya hii nilikuambia juu ya jiko ya chuma. Muzungu mukubwa wa atelie, kule bwana yangu Pius anatumika, alirudi Ulaya, akamuachia Pius jiko yake kwa sababu ya kazi yake nzuri. Iko na miguu kama ya simba na fulu ya kuchoma mukate. Kambi nzima hakuna mwanamuke mwenye kitu kama hii. Hata bibi ya kapita, musimamizi wa kazi, anapikia mbabula inje, anapuliza makala mpaka mashavu inachoka. Mi nikasema, jiko ya namna hii tukiificha kule nyuma ya nyumba, nani ataiona? Tukaiweka ndani ya saluni, pale wageni banakaa, na ukutani juu yake nikatundika kitambaa nilichofuma kwa Masista, kwenye masomo ya bamama.

Lakini nyumba ni ya kompani, na mukubwa wa kambi hataki mutu atoboe mabati ya juu. Basi Pius alitoa kioo moja ya dirisha, akaweka bati, akapitisha tiyo, bomba ya moshi, pale, imelala kama nyoka. Siku za kwanza moshi ilitoka inje vizuri, batu bakasimama njiani kutazama. Kisha baridi ikafika na upepo yake, ile inayotoka upande wa shimo ya mine, kule banachimba shaba, na moshi ikageuka. Inarudi ndani kwa kila tundu, hata zile nilikuwa sijui kama ziko.

Tumejaribu, Yaya. Tulipaka udongo ya kichuguu na majivu, kama kwenye tanuru ya matofali. Ikakauka, ikapasuka, ikaanguka ndani ya muchuzi. Pius alifungua tiyo, akaisugua. Masizi ikajaa karai, moshi ikabaki vile vile. Tulichoma kuni kavu tu, paka zenyewe. Akaunga kipande ya tiyo ya kusimama kule inje, upepo ikaiangusha juu ya kuku ya jirani yetu Mama Kapinga. Leo ile kuku inachechemea, na Mama Kapinga anaiita kwa jina yangu. Mujenzi moja tuliyemuita hakugusa kitu. Alisema moshi inataka kupanda, na sisi tumeilalisha. Nikamuambia arudi kwa matofali yake.

Ubaya ilianza siku shangazi ya kijana, Mama Eliza, alipokuja kuangalia nyumba. Nilimukalisha karibu na mulango, kwenye kiti ya mito. Anastazia akakaa nyuma ya jiko kuchunga mukate. Na mi, kwa kinywa yangu hii, nikasema jiko ya bazungu haina moshi hata kidogo. Saa ile ile mutoto akakohoa. Akakohoa tena, mpaka akashika kifua. Mama Eliza akaweka kikombe chini.

"Mama, huyu mutoto iko na kifua?"

Ningesema ni moshi, neno ingeisha pale. Nikasema ni baridi. Naye akapangusa macho yake, nikamuambia ni vumbi ya mine.

Huku kambini kifua ni neno ya kuogopesha. Mwenye kukohoa banamupeleka hospitali ya mbali, nyumba yake banaipulizia dawa, na hakuna tena mwenye kuoa pale. Sasa barua imetoka Lubudi: habakatai, lakini banakuja wote, pamoja na baba mukubwa wa kijana, mwenye kutumika zamani hospitalini, asikilize kifua ya binti. Anastazia aliisoma mwenyewe. Hakulia. Aliniuliza tu:

"Mama, kati ya mi na jiko, nani ataolewa?"

Nikamutuma maji, Yaya. Mi, unanijua.

Pius anasema tuitoe inje. Lakini tukiitoa, nani atashuhudia kama ilikuwa moshi? Nimewaza mpaka kichwa inauma, naona njia moja tu. Nitabakalisha wote ndani ya saluni, nifunge mulango, niwashe. Bakohoe, na baba mukubwa asikilize kifua yake mwenyewe. Halafu nitasema mbele yao kwamba nilidanganya. Heri bacheke jiko yangu kuliko baogope mutoto yangu. Ila hata hapo naogopa: siku ile upepo ikilala, moshi itatoka inje kwa adabu, nami nitabaki nimesimama na uongo wangu tatu.

Ndiyo sababu nakuomba uje. Muombe teritware, mukubwa wa serikali kule, karatasi ya njia, umuambie ni ndoa. Wewe ulimulea, utabaambia kwamba kwetu hakuna mwenye kifua. Kwako batasikia. Kwangu sijui tena.

Unisalimie mama yetu, umuambie mujukuu wake ni muzuri kuliko mi zamani, na mi nilikuwa muzuri. Salamu kwa kaka Donati, na kwa bibi yake aliyenifundisha kusuka mikeka. Salamu kwa katekista, atuombee, aombe na upepo.

Mi mudogo yako mwenye kukupenda,
Mama Anastazia

Banafika wote siku ya Mungu ya kwanza ya mwezi wa nane, misa ikiisha.