Santuri Asiyotaka Kuisikia Wifi

Alhamisi, 2 Machi 1978

Nimeunguza vitunguu saumu! Kosa la Vic Lorante, mwimbaji wetu. Nimeipata santuri yake kwenye mnada wa kanisa — ile ambayo hapa mjini Providence hakuna anayeitaja, utadhani mtoto wa nje. Hakuna okestra, hakuna matarumbeta. Gitaa moja tu, na mzee mwenye sauti iliyochakaa. Wimbo wa mwisho, mume anamimina kahawa vikombe viwili, ndipo anakumbuka kabaki peke yake. Ile pumzi anayovuta kabla ya kusema "viwili"! Nikasahau jiko.

Ubaldo kaingia, kanusa. Mume wangu huyu! Eti huyu anayeimba ana mafua, apewe chai, si gitaa.

Ijumaa, 3 Machi

Asubuhi Ubaldo ananyoa ndevu, anaimba. Anaimba nini? Ule wa vikombe! Nimejikausha. Mwanamume ukimwambia umemsikia, anaacha.

Jumamosi, 4 Machi

Ersilia kapita. Dada yake Ubaldo, mwenyekiti wa klabu yetu ya wapenzi wa Lorante. Lorante alimkanyaga mguu hotelini mwaka wa 1951. Tangu hapo utadhani walioana.

Nikamwambia kesho klabuni ni zamu yangu kuchagua, nitapiga hii. Kaitazama kama panya aliyekufa.

"Wifi, hapo alishakwisha. Usimvue mtu nguo mbele za watu."

"Umewahi kuisikiliza yote?"

"Sina haja!"

Kakoroga kahawa mpaka ikapoa. Kaondoka bila kuionja.

Jumapili, 5 Machi

Ukumbi wa chini ya kanisa, umejaa. Nimeipiga!

Mwanzoni vicheko. Gaspare, muuza nyama, akauliza kama mashine imeharibika au mzee ana mafua. Halafu, kidogo kidogo, vicheko vikakatika. Hata waliokuwa wanatafuna wakaacha. Ukaja ule wa mwisho. Kahawa inamiminwa, kikombe cha kwanza… Ersilia kainuka, kanyakua sindano ya mashine — kwaruu! Kaweka santuri ya zamani, ya matarumbeta. Hakuna aliyecheza.

Gaspare ndiye aliyethubutu: "Mama mwenyekiti, turudishie mzee wa mafua."

Ersilia katoka bila koti. Nilikuwa na maneno makali tayari, ndipo nikakumbuka. Mumewe, Nunzio, tumemzika Novemba. Mimi na akili zangu!

Jumatatu, 6 Machi

Theluji. Ubaldo kaiweka santuri mwenyewe — eti anapima mashine kama ni nzima. Hodi mlangoni. Nikachungulia dirishani: Ersilia, midomo kaikaza, sahani ya biskuti za lozi mkononi. Kaja kugombana au kupatana? Kwake biskuti ni zilezile.

"Mfungulie dada yangu, ataganda!"

Nimeshika kitasa, na wimbo wa mwisho ukaanza. Kubisha kukakoma papo hapo. Nikachungulia tena. Amesimama tu, theluji inamjaa kwenye skafu, sikio karibu na mbao.

Ubaldo anafoka, mimi ni chizi. Nimemwonyesha kidole: subiri, wimbo uishe! Naandika nimeegemea mlango. Upande wa pili namsikia anavuta kamasi. Wimbo haujafika kwenye vikombe —