Simu ya Hawa na Ujomba Wangu

Jumatatu, 14 Julai

Kuanzia Mikese mpaka Mlali hakuna kinyozi anayenifikia. Si kwa mkono, si kwa sura, si kwa maneno. Kuna bwana harusi nilimnyoa, bibi harusi akagoma kukaa naye akidhani kaletewa mwanamume mwingine. Hilo nimelitunga. Lakini lingeweza kutokea.

Leo vichwa vya kawaida. Mzee mmoja mwenye upara kataka apunguziwe bei kwa kuwa nywele ni chache. Nikamwambia, mzee wangu, hizo chache ndizo zinazochosha mashine kuzitafuta. Kacheka mpaka kakohoa. Kalipa yote.

Jioni nimejirekodi nikimchonga ndevu dereva wa bodaboda huku nacheza. Video nikamrushia Hawa. Hawa ni mtoto wa dada yangu, yuko kidato cha nne. Anaishi hapa Bigwa na mimi na mama yangu, maana dada yuko Turiani kwenye biashara ya mchele. Kwa hiyo mjomba ni mimi, na kwetu Waluguru mtoto ni wa mjomba. Baba ni mgeni anayeheshimiwa. Nina miaka ishirini na mbili na tayari nina binti wa kidato cha nne. Nani kama mimi.

Simu ya tachi nilimnunulia mwenyewe mwezi wa kwanza, ya masomo. Anasomea kweli. Akimaliza ananikatia video zangu, anazitia muziki, anaandika maneno ya kuchekesha, anawajibu wanaoniandikia. Kazi ndogo tu. Mimi niliishia kidato cha pili, mambo ya kuandika nawaachia wenye shule yao.

Jumatano, 16 Julai

Video ya ndevu imewaka. Wanaandika mpaka watu wa Mwanza. Jibu lililochekesha kuliko yote ni la Hawa, kwamba huyu kinyozi hata kivuli chake kinapanga foleni kunyolewa. Watu wanadhani nimesema mimi. Sijawasahihisha.

Nimemwambia Hawa awajibu wote, asiruke mtu. Wafuasi wana wivu kuliko wake wenza.

Asubuhi kachelewa kuamka. Mama kamwita, kamwita tena, kaenda kumvuta shuka. Chai kainywa amesimama. Wasichana.

Alhamisi, 17 Julai

Mwalimu wa nidhamu anataka kuona mzazi. Hawa kaniambia huku anaangalia vidole vya miguu yake. Huyu siku zote ananiita Sele. Akitaka kitu ndiyo nakuwa Mjomba. Leo nimekuwa Mjomba tangu mlangoni mpaka jikoni.

Kosa hajasema. Kesho nitajua.

Ijumaa, 18 Julai

Nimevaa shati langu la sikukuu ya Idi. Nikaingia ofisini, namkuta Mwalimu Komba. Huyu ndiye aliyenifundisha Hesabu miaka ile. Au alijaribu.

"Selemani. Nimeita mzazi."

"Shikamoo, mwalimu. Ndiye mimi."

Kavua miwani, kaifuta, kaivaa tena. Bado nilikuwa mimi.

"Ulipoacha shule niliomba usirudi," kasema. "Sasa umerudi na cheo."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Katoa matokeo ya muhula. Hesabu Hawa alikuwa na B, sasa D. Biolojia nayo imeteremka. Anasinzia darasani, kalamu mkononi. Kasema hayuko peke yake, wanaosinzia ni wengi, na ukiwauliza, wote wana simu za tachi nyumbani. Shuleni simu ni marufuku, lakini usiku hauna geti. Kasema pia simu si shetani. Ana mwanafunzi mmoja kajifunza Fizikia humohumo kwenye simu, sasa anawafundisha wenzake.

"Ila mwenye simu anahitaji mtu wa kumwambia zima. Kwenu ni nani?"

"Ni mimi."

"Hicho ndicho kinachonitisha."

Mtihani wa mock ni katikati ya Agosti. Asipopanda hapo, mtihani wa taifa wa Novemba utamkuta vilevile, na uuguzi atausikia redioni. Hawa anataka uuguzi tangu mdogo. Alikuwa anawafunga kuku bandeji, na kuku wazima.

Nimetoka pale nimekasirika. Hizi simu zinaharibu watoto.

Jumapili, 20 Julai

Nimemnyang'anya simu. Nimeipekua yote natafuta mvulana. Ujomba ni kazi.

Mvulana hakuna. Kuna masomo ya Hesabu aliyoyapakua, hajalimaliza hata moja. Kuna picha za kuku. Halafu niko mimi. Mimi nachonga, mimi nacheza, mimi kabla ya kukatwa, mimi baada ya kutiwa muziki. Majibu kwa wafuasi wangu ni mamia, mengine kayaandika alfajiri, watu wanatawadha.

Nimeiweka simu mezani. Nikaichukua tena, nikajitazama. Nimetoka vizuri, sina la kuficha. Kisha nikaizima.

Hawa hakulalamika. Kaniuliza tu kama ile video ya kunyoa panki nimeiweka mwenyewe au niliisahau.

Jumatano, 23 Julai

Dada kapiga simu kutoka Turiani, yote keshayasikia kwa mama. Yeye kaongea, mimi nikasikiliza. Mwisho kasema keshamweleza Mjomba Kibwana, na Jumamosi tupande kwake milimani.

Mjomba Kibwana ni kaka yake mama. Mjomba wa mjomba. Akisema sifai kulea, sifai. Hawa ataondolewa hapa apelekwe kwa mama yake mkubwa Kihonda, upande wa pili wa mji, kwenye nyumba yenye watoto kila kona. Huko utasoma wapi, juu ya bati? Na mock ndiyo hiyo inakuja.

Sitaki kwenda. Siogopi. Jumamosi huwa nina vichwa vingi tu.

Jumamosi, 26 Julai

Tumepanda gari mpaka Mlali, halafu bodaboda, halafu miguu. Baridi. Ukungu umelala kwenye kabichi. Hawa alitangulia, mimi na mama nyuma. Mama anapanda mlima ule kama anaenda chooni, mimi nilisimama mara kadhaa kuangalia mandhari.

Mjomba Kibwana alikuwa na makoti mawili, moja juu ya jingine.

"Sele, umenenepa. Mji unakulisha."

"Huu ni urembo, Mjomba."

"Kaa chini na urembo wako."

Simu ikawekwa katikati ya mkeka, kama mwizi aliyekamatwa. Mjomba Kibwana kaitazama bila kuigusa. Yeye ana kitochi kilichofungwa kwa mpira wa baiskeli, kinapiga na kupokea, basi.

"Kuna nini humu cha kumkosesha mtoto usingizi?" kauliza.

Nilifungua mdomo. Kweli nilifungua.

Hawa kawahi. "Tamthilia, Babu. Nilikuwa naangalia tamthilia usiku. Mjomba alinikataza, sikumsikia. Naomba mnisamehe."

Hakuniangalia. Kwetu mpwa hamvui nguo mjomba wake mbele ya ukoo, na yeye hilo kalishika kuliko anavyoshika Hesabu. Tamthilia haangalii huyu. Anasema watu wa humo wanalia sana.

Mjomba Kibwana kanigeukia. "Ulimkataza?"

Nikasema ndiyo.

Hukumu ikawa nyepesi. Simu ishikwe na mama. Hawa ampelekee ombi baada ya Isha, asome somo lake, airudishe. Mimi nibaki mlezi, tuione mock. "Kijana kajitahidi," kasema Mjomba Kibwana, "mtoto ndiye kichwa ngumu." Kanipiga bega. Mkono wa mkulima ule, bado unauma.

Tumepewa kabichi za kubeba. Mlali tumekula mihogo ya kukaanga yenye pilipili. Hawa kanichekesha habari za mbuzi aliyetaka kula daftari lake. Nikacheka. Mihogo ilikuwa mitamu. Ndicho kinachoniudhi, ilikuwa mitamu kweli.

Alhamisi, 31 Julai

Mama anailaza simu kwenye pindo la khanga. Ikitetemeka anaruka. Anasema inamtekenya na yeye ni mjane.

Baada ya Isha anaitoa kama anatoa dhahabu. Hawa anaweka somo la Hesabu, na mama anakaa pembeni kulinda. Leo kamkaripia mwalimu wa kwenye video. "Huyu baba anafuta ubao haraka, mwambie arudie." Hawa karudisha nyuma. Mwalimu karudia. Mama karidhika, kasema sasa ndiyo ana adabu. Mchana kutwa alikuwa anasonga ugali huku anasema ekisi, ekisi.

Video zangu nimejaribu kuzikata mwenyewe. Ya kwanza nimetoka bila kichwa. Wateja wameipitisha saluni nzima. Mmoja kauliza kinyozi asiye na kichwa atajuaje cha mwenzie. Nikamwambia mkono wangu una macho. Kacheka, na mimi nikacheka, lakini ya pili sikuiweka. Ukurasa umepumzika. Wafuasi najua wanalia huko waliko.

Hawa kaniambia twende nyuma ya nyumba anikatie haraka, mama hataona. Nikasema hapana. Kanishangaa. Na mimi nilijishangaa.

Jumamosi, 9 Agosti

Usingizi wa Hawa umerudi. Sasa anaamka kabla ya mama na kumpigia kelele za sufuria. Mama kasema afadhali ile simu ingeendelea.

Nimemshikia daftari ajibu maswali ya Biolojia. Nauliza nisichokijua, anajibu nisichokielewa, namwambia vizuri sana. Kagundua. Sehemu moja kajibu kwa kutaja mafuta ya nywele, nikasema vizuri sana. Amemhadithia mama, mama kamhadithia jirani. Nimekuwa kichekesho cha Bigwa yote. Sawa. Mtu mzuri lazima asemwe.

Jumatatu, 11 Agosti

Mock imeanza. Hesabu ndiyo ya kwanza. Nilisimama mlangoni namtazama anafunga viatu.

"Sele, usinitazame kama unaniaga maiti."

"Nakutazama kichwa. Nywele zimeota vibaya."

"Zako zinaota wapi?"

Kaenda anacheka. Saluni nimemkata mteja sikio, kidogo tu, tone moja. Nimempaka spiriti na kumwambia ndiyo mtindo mpya wa Dar. Mawazo yangu hayakuwa kwenye sikio.

Ijumaa, 5 Septemba

Hesabu B. Biolojia A.

Nimeyasoma matokeo mara nyingi kuliko nilivyosoma kitu chochote maishani. Mama kapiga kigelegele mpaka jirani kaja kuuliza nani kaolewa. Dada kalia kwenye simu. Mjomba Kibwana kaambiwa, kasema atatuma kabichi tena, tena na njegere. Hawa anabaki Bigwa. Kihonda wabaki na watoto wao.

Hawa yeye kasema A zingekuwa mbili kama swali la mwisho la Hesabu asingeliharakisha. Kiburi hicho kakitoa kwangu, damu haipotei.

Jioni nimepita shuleni, Mwalimu Komba kaniita. Kanipa mkono, mkono mzima.

"Selemani, umeniaibisha. Nilidhani hutaweza."

Kasema kuna kikao cha wazazi, simu ndiyo mada, na wengi wamekata tamaa na watoto wao. Anataka nisimame niwaeleze nilivyofanya. Mzazi kijana mwenye msimamo, ndivyo alivyosema. Mimi, mbele ya watu wazima wote wale, na shati la Idi.

Nikamwambia koo linaniuma.

Kaniangalia. "Wewe? Koo?"

Nikasema ndiyo, mwalimu, koo. Nikaaga.

Jumapili, 7 Septemba

Ukungu umeshuka mpaka kwenye mabati ya nyumba za juu. Mama anapika kabichi ya mlimani na nazi, harufu imejaa uani. Sijaenda saluni.

Hawa yuko barazani. Simu kaiegemeza kwenye kikombe, anasimamisha, anaandika, anaiachia iendelee. Mama hakai tena kumlinda. Kasema mtoto keshajua kuizima mwenyewe.

Nimekaa karibu naye nasafisha mashine. Halafu kasema, bila kuinua kichwa, "Mjomba, punguza redio." Hakuwa anataka kitu kingine. Nikapunguza.

D imepanda. Wafuasi wakitaka watarudi, wasipotaka shauri lao. Kila kitu kiko sawa. Kilichoharibika ni kimoja, na si matokeo, na si simu. Pale mkekani nimeulizwa kama nilimkataza, nikasema ndiyo, na Hawa alikuwa amekaa hapohapo, anasikia.