Babu Amenipunguzia Hamu ya Sinema

Ruthu mjukuu wangu,

Nyumba hii hakuna anayezijua sinema kama mimi. Nimeona moja, na nililala katikati. Leo naenda ya pili, banda la video la Majengo. Mlenda upo chunguni, songa ugali. ~~Mbakizie babu yako.~~ Mbakizie kidogo.

Asubuhi babu yako kaniambia, “Mama Gerson, usitegemee makubwa. Ni ngumi tu, halafu mwishoni adui anakuwa kaka yake steringi.” Basi nikapunguza hamu, khanga mpya nikavaa hivyo hivyo.

Lakini kabla ya leo sinema hiyo imeonyeshwa mara moja tu, Jumamosi, siku aliyobeba kuku wangu kupeleka matangani Haneti. Nimemuuliza mwisho kauonea wapi. Anaomba maji ya kunywa, na kikombe kimejaa mkononi mwake.

Bibi yako