Nilimficha Jirani Yangu Harufu ya Idi

Shangazi Kayitesi, salaam aleikum, na kama salamu hii si ya kwenu ipokee hivyohivyo kwa sababu sina nyingine iliyo karibu na moyo. Mimi ni Leila wa Niboye, msomaji wako wa kila Ijumaa, na sikuwahi kudhani kwamba siku moja nitakuandikia, nilikuwa nasoma tu matatizo ya wenzangu na chai yangu mkononi nikisema huyu naye kayataka mwenyewe, na leo nimekaa na kalamu nalia kama wao, jina langu usilifiche, huku mtaani wote wanajua.

Jirani yangu anaitwa Nyirarukundo lakini hakuna anayemwita hivyo, sote tunamwita Mama Régis, kwa jina la mwanawe wa kwanza, na huyo Régis na wadogo zake na baba yao waliuawa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka wa tisini na nne, akabaki yeye peke yake. Mimi nilikuja Niboye bibi harusi nikitokea Nyamirambo, kwa baba yangu fundi cherehani, sijui hata kuwasha oveni, na yeye ndiye aliyenipokea na kunifundisha biskuti za jamu, zile alizojifunza ujanani jikoni kwa masista, unasugua siagi kwenye unga wa ngano kwa ncha za vidole, usikande kama chapati, unasukuma, unakata miduara, nusu yake unaitoboa katikati kwa kifuniko cha chupa ya soda, na zikiiva unapaka jamu ya inkeri, yale matunda madogo mekundu, halafu unafunika na ile yenye tundu, jamu inachungulia, unanyunyizia sukari ya unga juu.

Sasa Shangazi, biskuti hizi lazima zichomwe Ramadhani haijaisha ili asubuhi ya Idi ziwe tayari, na mimi nimefunga, sionji, kwa hiyo miaka yote Mama Régis ndiye ulimi wangu, anakaa kwenye kigoda jikoni, anaweka kipande cha donge mdomoni, anafumba macho, anasema ongeza sukari, au anasema acha hapo hapo usiguse tena. Asubuhi ya Idi tukitoka kuswali, kabla hatujaenda kwa mtu yeyote, hata kwa mama yangu mzazi, tunapeleka sahani kwa Mama Régis na tunakunywa chai kwake, na Krismasi mimi ndiye ninayekwenda jikoni kwake kumsaidia kusukuma, kwa sababu mikono yake siku hizi inamuuma, watoto wangu hawajui Idi bila yeye wala Krismasi bila sisi.

Mwaka huu Idi iliangukia ndani ya icyunamo, wiki ile ya Aprili ya maombolezo. Miaka iliyopita zilikuwa zinapishana, na mimi kila Aprili nilikuwa namwachia Mama Régis nafasi yake, wiki ile sipiti hata mlangoni kwake, kwa sababu kwetu hakufa mtu na ninaona haya, nitaingia na uso gani, nitasema neno gani, kwa hiyo nangoja wiki iishe ndipo narudi na habari za watoto na bei ya viazi, kwa heshima tu, Shangazi, Mungu anajua. Sasa mwaka huu nikajiuliza nitamwitaje mtu mwenye msiba kama ule aje kuonja biskuti, mume wangu Gisa akasema ni kweli, mwache mama wa watu alie, basi sikumwita.

Nilichoma biskuti madirisha yamefungwa, nikaziba na taulo chini ya mlango ili harufu ya siagi isivuke ukuta, maana kwake na kwangu ni ukuta mmoja, nikaficha makopo chini ya kitanda, nikawaambia watoto Idi hii tunaila ndani, hakuna kukimbia nje na nguo mpya, na kwa Mama Régis hatuendi, ana huzuni, tusimsumbue. Kwa vile hakuna aliyeonja nilisahau sukari kwenye unga, tuligundua asubuhi, jamu peke yake ndiyo iliyoziokoa.

Wakati nawamiminia chai wageni, binti yangu mdogo Kaze alitoka na biskuti moja mkononi, akaenda. Haya yaliyofuata nimeambiwa na Jovia, mpwa wa Mama Régis anayekaa Ndera, aliyekuwa amekuja kumtazama wiki ile. Jovia anasema shangazi yake alikuwa amevaa mshanana wake, lile vazi la sherehe la kufunga begani, tangu asubuhi, ameweka chupa ya chai mezani na vikombe vya kututosha sote, amekaa ametazama geti. Kaze akampa ile biskuti, akamwita nyogokuru, yaani bibi, akamwambia, hii ni yako, lakini mama kasema usijue kwamba leo ni Idi. Mama Régis aliila yote mbele ya mtoto, akamwambia ni tamu, akamfuta mdomo, akamshika mkono akamrudisha.

Alisimama getini kwangu, hakuingia. Aliniuliza, "Leila, mimi ni mgonjwa?"

Nikasema hapana, mama.

"Basi ni kaburi? Maana naona mnapita kwangu mkinong'ona."

Nikaanza kueleza, nikasema ni heshima, mama, tumekuheshimu tu, akasema, "Asante kwa heshima," akaniachia mkono wa Kaze, akaondoka. Tangu hapo ananisalimia kama anavyomsalimia mtu wa kusoma mita ya maji, watoto wakienda anawapokea, mimi nikienda mazungumzo yanaishia getini. Na juzi nimesikia kutoka kwa Jovia kwamba mwisho wa mwezi huu anahamia Ndera kwake, nyumba ataipangisha, anasema hapa hana tena mtu wa kumngoja.

Shangazi, yule ni mama yangu, nisikudanganye, mama yangu mzazi nampenda lakini hakunikalisha jikoni hata siku moja. Gisa anasema ningoje Idi ya kuchinja nimpelekee katoni nzima ya biskuti na kitenge juu yake, atasahau. Dada yangu anasema nisimguse kabisa mpaka Julai siku za kumbukumbu ziishe, kwamba akili yake sasa haiko sawa na mimi ninajitesa bure. Mimi nimechoma biskuti mara nyingi tangu siku ile, na sukari yake kamili, nazifikisha hadi getini na kurudi nazo, watoto wamezichoka. Nifanye nini nisimpoteze, na nimwambie nini, maana heshima niliyomfanyia ndiyo iliyomkimbiza.

Ni mimi Leila, Niboye.

*

Leila mwanangu, aleikum salaam. Mimi ni Mkatoliki niliyekulia Bukoba, lakini salamu nimeipokea na nimeijibu.

Barua yako nimeisoma, nikairudia, halafu nikaisoma tena nikitafuta kitu kimoja. Nilikuwa natafuta mahali ambapo uliingia kwa Mama Régis wiki ya maombolezo ukakaa naye. Sikupaona. Sio mwaka huu, sio mwaka jana, sio mwaka wowote tangu uwe bibi harusi. Umeniandikia habari ya kifuniko cha soda, umeniandikia habari ya taulo chini ya mlango, na lile la kutokwenda kwake kila Aprili umelipitisha katikati ya sentensi kama jambo jema ulilolifanya. Unadhani umekosa kwa sababu ya sahani ya biskuti. Sahani ilimwonyesha tu jambo ambalo amelivumilia miaka yote.

Pole nakupa, tena ya dhati, kwa sababu najua hukufanya kwa ubaya. Mtu mbaya hazibi mlango na taulo. Lakini hebu kaa nami tutazame ulichokifanya. Furaha yako ulimficha. Huzuni yake ulimwachia. Sasa niambie, katika wiki ile nzima, wewe ulikuwa jirani wa nani?

Mjane mmoja aliniandikia mwaka jana, na amenipa ruhusa ya kusema. Alisema, "Aprili simu yangu hailii kabisa. Watu wananiheshimu mno." Nilikaa na barua ile siku kadhaa kabla ya kuijibu, na sidhani kama niliijibu vizuri. Ikikusaidia wewe leo, itakuwa imejibiwa kidogo.

Unasema kwenu hakufa mtu na unaona haya. Sawa, ona haya, hakuna atakayekukataza. Lakini haya yako umemtwisha yeye aibebe. Kila mwaka wewe unaona haya, na yeye ndiye anayekaa peke yake. Nani alikuambia kwamba ili ukae na mfiwa lazima nawe uwe umefiwa? Nani alikuambia kwamba lazima uwe na neno la kusema? Yule mama amesikia maneno yote yaliyopo, ya viongozi, ya mapadri, ya sisi waandishi wa magazeti. Asubuhi ile ya Idi alivaa, akaweka vikombe, akatazama geti. Alikuwa ameshakaa na wafu wake siku kadhaa, Leila. Alitaka kidogo na walio hai. Nanyi mkajifungia.

Na usimtafutie ugonjwa. Dada yako anasema akili ya mama haiko sawa. Mwambie dada yako kwamba mimi nimesoma barua hii na mwenye akili timamu kuliko wote humo ndani ni Mama Régis, na baada yake Kaze.

Sasa ushauri, na usiuchague nusu.

Katoni ya Gisa iache dukani, na kitenge chake. Najua mumeo anataka amani, wanaume wengi wakiona mtu ameumia wanatafuta kitu cha kununua. Ukienda na katoni atalazimika kukushukuru, na mtu akishakushukuru hawezi tena kukuambia ulivyomuumiza. Nenda mikono mitupu. Hizo biskuti unazochoma na kurudi nazo, acha kwanza. Unazichoma kwa ajili yako.

Usingoje Julai. Julai atakuwa Ndera.

Nenda leo. Nenda peke yako, bila watoto, maana ukienda nao watakuwa ngao na yeye atawatazama wao. Usianze na "mama, nilikuheshimu." Neno hilo ameshakushukuru kwalo, na ulisikia alivyolisema. Sema ukweli, ni mfupi: "Mama, nilikuogopa." Halafu nyamaza. Najua utataka kuongeza maelezo, wewe ni mwongeaji, barua yako imenionyesha. Usiongeze. Akilia, mwache alie na usimwambie anyamaze. Akikusema, sikiliza mpaka mwisho. Akikufungia geti, rudi kesho, na kesho kutwa. Majirani wakikuona umesimama pale, wakuone. Ulijificha kwa aibu, sasa aibika kidogo hadharani, haijamuua mtu.

Siku atakapokufungulia, na usiilazimishe siku hiyo, muulize ni lini watu wake wanakumbukwa pale walipozikwa. Kumbukumbu zinaendelea mpaka Julai, huenda siku yao bado, na kama imeshapita, andika ya mwakani. Muulize kama atapenda uende naye. Akisema ndiyo, mchukulie maji na mwavuli, kaa nyuma yake, usihutubie. Na kama siku moja yeye mwenyewe akitaka kukusimulia Régis alikuwa mtoto wa namna gani, mcheshi au mkimya, kaa umsikilize. Umemwita mama kwa jina la mtoto huyo miaka yote, na katika barua nzima sijaona kama unajua habari yake hata moja.

Kuhusu kuhama. Usimwombe abaki. Hilo ni la kwako, si la kwake, na mtu mzima ana haki ya kwenda alipo mpwa wake. Akihamia Ndera, Ndera si ng'ambo, mabasi yapo. Utakwenda. Utakwenda Krismasi, utakwenda Ramadhani kabla ya magharibi ukiwa na unga na siagi kwenye mfuko, umwombe aonje, kama bado anataka kuwa ulimi wako. Akikataa, utachoma zisizo na sukari na utamtembelea vilevile. Na Aprili ijayo, wiki ileile, siku ya kwanza, utakuwa mlangoni kwake kabla ya mtu mwingine yeyote, iwe Idi imeangukia humo au haikuangukia.

Sitaki uniandikie kunieleza kama amekusamehe. Labda itachukua muda, labda haitatokea kama unavyotaka, na hilo haliko mkononi mwangu wala mwako. Kilicho mkononi mwako ni kwenda. Kwa hiyo ukifika mwisho wa safu hii usikae kutunga maneno mazuri. Kunja gazeti, vaa viatu, toka, ni ukuta mmoja tu. Na akikuuliza getini umekuja kufanya nini, mwambie umekuja kukaa.

Shangazi Kayitesi