Uji ya Ngalula

Siku ya kazi ya ine, mwezi wa kumi, 1961. Mu kampi ya bakimbizi.

Mikono yangu ingali inanuka samaki ya tantine, shangazi yetu. Nimenawa mara tatu.

Tangu baaskari bajandarme balichukua baba kule kwetu Makomeno, mudogo wangu Ngalula anakatala kula. Iko na miaka kumi na tatu, lakini amekonda mpaka minamubeba na mukono moja. Infirmiye, muuguzi wa kampi, alisema: "Uji tu, kidogo kidogo, bijiko tano. Usimulazimishe. Akikatala na uji, atakufa." Uji alikuwa anaikubali ku mukono yangu tu.

Leo tantine alikuya na bukari, ule ugali muzito, na samaki. Ngalula akafunga kinywa mbele ya bantu bote.

"Unakatala byakula yangu? Basi sema wazi kama miye ni mulozi, minalogaka mu byakula."

Jirani moja akacheka. "Mama, mutoto anakujua muzuri."

Tantine akanisukumia sahani. "Weye yaya yake, ndugu yake mukubwa, umulishe. Ao na weye unaniogopa?"

Minaogopaka macho ya bantu. Nilishika kichwa ya Ngalula, nikatia bukari mu kinywa yake mpaka sahani ikaisha. Alilia bila sauti. Bantu bakapiga makofi. Tantine akaenda na furaha.

Alitapika yote, tumbo ikavimba. Infirmiye aliuliza nani alimulisha. Balinionyesha na kidole. Ni kweli.

Mangaribi nilimuletea uji, bijiko tano. Aliniangalia, akageuka.

"Hapana, yaya. Sasa minaogopa na weye."

Nilingoja. Uji ikapoa. Kisha niliikula miye, sababu njaa ilinishika.