Mawese Mgongoni

Jumanne

Sasa hivi ndipo nafika nyumbani, na kosa ni la Hajati, mteja wangu wa Mbarara. Mawese yaliyoguswa na moto hataki. Kuyeyusha, anasema, si kuchemsha. Na alfajiri hapa kambini Nakivale yalikuwa yameganda kama sabuni. Nikafunga bidoni, dumu lenyewe la mafuta, mgongoni kwa kitenge, joto langu liyayeyushe njiani.

Kwenye kizuizi askari akachungulia. "Mtoto iko na usingizi." Nikapita tu, nina haraka.

Yalifika yakiwa maji kabisa. Hajati alicheka sana nilipomshusha "mtoto", akamchukua.

Jioni, askari yuleyule. "Mama, mtoto iko wapi?"

Uchovu huu! Nikasema, "Nimemuuza."

Aliposhika pingu nikampigia Hajati, nikampa askari simu. Askari akamuuliza mtoto yuko wapi.

"Yule wa mgongoni?" Hajati akajibu. "Yuko kwenye karai na samaki."